Mjumbe Aliyetundikwa Pazuri

Fimbo zilirudi asubuhi, zimelazwa kwenye gari la mizigo kama wagonjwa waliokataliwa na hospitali ya kwanza. Zilipoondoka karakanani ziling'aa hata mlinzi wa geti akajitazama meno ndani yake. Sasa zilikuwa na mabaka, kromu imebambuka upande mmoja wa kila fimbo, na chuma cha chini kimeanza kushika kutu. Mlinzi alizitazama, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa akiingia na mkoba begani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumtania.

Hilo ndilo lililomtisha mwanamke. Kila asubuhi mlinzi alikuwa na lake. "Mama Almasi, leo unapima ugumu wa nani? Njoo upime wa kwangu, mwezi umefika katikati na mfuko umefika mwisho." Naye humjibu, "Wako hauhitaji mashine, shemeji, unaonekana kwa macho." Neno lenyewe ndilo lililowapa watu mchezo. Kazi yake ilikuwa kupima ugumu, na mtaani kwao ugumu ulikuwa umejaa mpaka mlangoni, wala hakuna aliyeelewa kwa nini mtu alipwe mshahara kwa kwenda kuutafuta mbali.

Hakuwa na mtoto aitwaye Almasi, wala mwingine yeyote. Jina lilitokana na ncha ya almasi iliyofungwa kwenye mashine yake, ndogo kuliko punje ya sukari, ambayo aliishusha juu ya kromu ikaacha kishimo cha kutazamwa kwa hadubini. Kishimo kikiwa kidogo, kromu ni ngumu. Kikiwa kikubwa, kuna mtu atapiga kelele. Majirani waliposikia kwamba anashinda na almasi kutwa nzima walimtazama kidole, wakaiona pete yake ya shaba, wakacheka mpaka wakamhurumia.

Fimbo zenyewe zilikuwa za makatapila, zile nene zinazoingia na kutoka kwenye silinda ili ndoo ya mashine ipande na kushuka. Kromu ikiwa nzuri, fimbo huishi. Ikiwa mbovu, mchanga huila, mafuta huvuja, mashine hulala. Na kwa kuwa huwezi kuikata fimbo ya mteja kila unapotaka kujua hali yake, kipande kidogo cha chuma kilekile kilitundikwa pamoja na fimbo tangini, ndani ya maji ya moto ya kromu, kikapakwa nazo, kisha kikapelekwa kwa Mama Almasi kiwasemee wenzake. Mafundi walikiita mjumbe. Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Huyu wa karakana aliuawa kila siku: alichomwa kwa almasi, akasuguliwa na gurudumu la mchanga, akapimwa uzito kabla na baada ili ijulikane amepungua kiasi gani. Mizani ilikaa ndani ya kasha la kioo, na ilikuwa na wivu kiasi kwamba hata pumzi iliichafua. Mama Almasi alizoea kubana pumzi mpaka namba itulie. Siku hizi alibana hata nyumbani, akimwaga chai, bila kujua.

Aliyemtundika mjumbe tangini alikuwa fundi wa kromu. Walimwita Mpishi, kwa sababu tangi lilichemka na yeye alisimama juu yake akikoroga. Jioni Mpishi na Mama Almasi walitoka geti moja, wakapita njia moja, wakaingia mlango mmoja. Alikuwa mume wake.

Meneja alikuwa mtu wa shati jeupe na macho mekundu, asiyejua kugomba. Hilo watu walilichukia, maana bosi anayegomba angalau unajua amemaliza.

"Mama, kaa."

Akakaa.

"Karatasi zako zinasema fimbo hizi ni nzuri."

"Zinasema mjumbe alikuwa mzuri, bosi."

"Kuna tofauti?"

Alitaka kusema hakuna. Mdomo ukagoma. "Haijawahi kuwepo," akasema.

Meneja alijisugua paji la uso. "Mwenye makatapila anakuja kesho. Mashine zake zimelala barabarani, vibarua wamekaa juu ya vifusi wanalipwa kwa kuota jua. Fimbo kupakwa upya bure amekubali. Lakini anataka na mtu. Unanielewa? Anataka nimwoneshe mtu, nimwambie ni huyu, na kuanzia leo hayupo. Ama kipimo kimedanganya, ama tangi limedanganya. Na hao wawili nasikia wanalala kitanda kimoja."

Hakucheka. Mama Almasi naye hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka.

"Kata fimbo moja," Meneja akasema. "Safari hii pima fimbo yenyewe. Kesho utatuambia ulichokiona."

Alikata vipande viwili: kimoja upande uliokuwa mzima, kingine upande uliobambuka. Msumeno ulilia kwa muda mrefu na chumba kikanuka chuma cha moto.

Alianza na kibovu, kama mtu anayekunywa dawa chungu kwanza. Akashusha almasi, akainua, akatazama kwenye hadubini. Kishimo kilikuwa kidogo. Kidogo kabisa, ugumu wa kuridhisha, na kwa dakika moja ya raha Mama Almasi aliamini kwamba kosa ni la mteja: labda dereva mlevi, labda mafuta mabaya. Akatazama tena. Kwenye kila kona ya kishimo nyufa zilikuwa zimetoka na kutawanyika, kama kioo cha simu iliyoanguka juu ya saruji.

Akakipeleka kwenye gurudumu. Kipande cha upande mzima kilisuguliwa kikatoka kama kilivyoingia, kimepungua kidogo tu. Kile cha upande mbovu hakikulika, kilipukutika. Kromu ilitoka kwa magamba, magamba yakalala kwenye sinia, na mizani haikuhitaji mtu abane pumzi ili iseme.

Kigumu, lakini si sugu. Watu huchanganya mambo haya mawili, na si karakanani tu. Ugumu ni wa siku moja: unakibonyeza kitu, kinakataa. Usugu ni wa kesho na kesho kutwa: unakisugua, unakisugua, nacho bado kipo. Ndiyo maana kisigino cha mtembea peku ni laini kuliko kioo na bado kitafika mbali kuliko kioo.

Rangi nayo ilisema yake. Ukitazama vizuri, upande mbovu ulikuwa na ukungu wa kijivu chini ya mng'aro. Kuishi na Mpishi kulikuwa kumemfundisha rangi ile, maana mumewe alizungumza habari za tangi mezani kama wengine wanavyozungumza mpira. Kijivu ni baridi. Fimbo zilisimama wima tangini, na huo ndio upande uliokuwa chini.

Basi tangi lilikuwa na baridi chini. Na mjumbe?

Alivuta droo alimoweka wajumbe wa zamani. Wote waling'aa. Wote walifanana, kama watoto wa shule siku ya kupigwa picha. Hata mmoja hakuwa na kijivu. Mama Almasi aliifunga droo ile polepole, maana sasa alijua wamekuwa wakitundikwa mahali gani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawasemi ufanye nini ukigundua kwamba nguo ndiyo iliyokukinga na baridi.

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili. Mshahara mmoja ulishika chumba kimoja, na wa pili ulishika cha pili, hesabu ambayo hata kuta ziliijua. Chumba cha pili kilikuwa cha mama mkwe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiohitaji kunolewa.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda, kikombe cha maua mkononi. "Mkwe wangu, mpaka lini mtaninywesha kwenye vikombe vya wageni?"

"Ni heshima, mama."

"Heshima gani? Nimefika zamani hapa, bado nakunywa kama mtu anayeondoka kesho. Nipe kile chenye pengo. Ukitaka kuijua nyumba, kunywa kwenye kikombe chake kibovu."

Siku nyingine Mama Almasi angejibu. Leo maneno yalimwingia kama kipande kinavyoingia kwenye kibanio.

Mpishi alikuwa jikoni kwao, yaani pale koridoni penye jiko, ameketi hatua moja tu kutoka kwenye sufuria, akijipaka mafuta mikononi. Viganja vyake vilikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, kama vilivyotobolewa kwa msumari. Hivyo ni vya kromu, na fundi wa kromu huvihesabu kama askari anavyohesabu nyota. Maziwa yalikuwa yamepanda, yamemwagika, yanaungua juu ya moto, moshi wa njano umejaa koridoni.

"Mume wangu. Maziwa."

Mpishi aligeuka, akaona. "Kumbe," akasema, akaondoa sufuria bila haraka. Mvuke wa tangi ulikuwa umemla pua zamani. Hakunusa kitu: ua, jasho, wala moto. Mama yake humwambia mbele ya watu kwamba ndiye mpishi pekee duniani anayesifu kila chakula, na watu hucheka, naye hucheka nao.

Mama Almasi alichuchumaa kando yake. "Umekuwa ukimtundika wapi mjumbe?"

"Tangini. Ulitaka nimtundike dirishani?"

"Tangini wapi?"

Mpishi aliendelea kupaka mafuta mahali palepale alipokwisha kupaka. "Pazuri," akasema.

"Pazuri wapi?"

"Katikati. Mbele ya bamba la umeme, penye joto." Akainua macho. "Wameshakwambia?"

"Nimekata fimbo."

Kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza sabuni inayoondoa madoa yote.

"Unamkumbuka yule bosi wa zamani?" Mpishi akasema. "Alikutupia karatasi mbele ya kantini nzima kwa sababu namba ilikuwa mbaya. Kama vile wewe ndiye uliyeipika. Ukalia ndani ya sahani."

"Sikulia ndani ya sahani."

"Ulilia. Hata hukumaliza kula, mimi ndiye niliyemaliza." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nikajiambia, maadamu mimi ndiye ninayepika, mke wangu hapelekewi tena kibichi. Basi nikawa namtafutia mjumbe pazuri. Kitu kidogo tu. Wengine huleta maua."

Mama Almasi alitaka kukasirika, akatafuta hasira pale inapokaa siku zote, akakuta uchovu umelala juu yake. "Na chini kuna nini?"

"Hita ya chini imekufa. Zamani, tangu mvua zilipoanza."

"Ukanyamaza?"

"Nikasema. Niliwaambia stoo. Stoo wakampelekea huyu bosi wa sasa. Bosi akauliza vipimo vinasemaje, wakamwambia vinapita. Akasema, kama vinapita hita ya nini, isubiri."

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Neno lilichukua muda kutua, lakini lilipotua lilitua kwa wote wawili pamoja. Vipimo vilipita kwa sababu mjumbe alitundikwa pazuri. Hita haikuja kwa sababu vipimo vilipita.

"Kumbe mimi ndiye niliyekunyima hita," Mama Almasi akasema, na kicheko kikamtoka, kidogo na kikavu, kama magamba yale.

"Tulijinyima wenyewe," Mpishi akasema.

"Kesho nitasema nini?"

"Sema mashine yako ilikuwa na hitilafu. Mashine haina mama wala haijapanga chumba."

"Mashine ikiwa na hitilafu, mpimaji ndiye aliyeshindwa kuiona. Nitaondoka mimi."

"Basi sema tangi."

"Utaondoka wewe."

"Mmoja ataondoka tu. Afadhali..."

"Nawasikia," mama mkwe akasema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ukuta wenu nao umepakwa kromu mbovu."

Akatoka. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye shuka, fundo limekaa vizuri, fundo la mtu aliyefunga mizigo mara nyingi. "Nirudisheni kwa dada yenu. Mbakie na chumba kimoja, mambo yaishe."

"Dada hana nafasi, mama," Mpishi akasema.

"Nafasi ni kupendana. Godoro ni jambo la baadaye."

"Mama, fungua hiyo shuka," Mama Almasi akasema. "Hakuna aliyekufukuza."

"Hamjanifukuza. Mmeanza tu kuongea kwa sauti ya chini. Nyumba ikianza kuongea hivyo, anayenywea vikombe vya maua huelewa."

Mama mkwe alikaa juu ya furushi lake pale koridoni, akaivuta sufuria iliyoungua, akaanza kuikwangua kwa kijiko.

Asubuhi waliongozana mpaka kazini. Karibu na geti Mpishi alimgusa mkewe kiwiko.

"Usinichongee, lakini usinifiche pia. Sema la mjumbe tu."

Mwenye makatapila alikuwa mtu mnene mwenye buti za tope, na adabu ya namna ile inayouma kuliko matusi. Alimpa Mama Almasi mkono, akautazama mkono ule kabla ya kuuachia. "Wewe ndiye wa almasi? Nilitarajia mtu mkubwa."

Juu ya meza ya Meneja kulikuwa na mjumbe na kipande cha fimbo mbovu, kando kwa kando. Mwenye makatapila alitoa funguo za gari, akamkwaruza mjumbe kwa nguvu. Hakuacha alama. Akakwaruza kile kipande. Gamba la kromu liliruka, likatua kwenye chai ya Meneja.

"Maabara yangu mimi ni hii," akasema, akarudisha funguo mfukoni. "Nilinunua pamoja na gari."

Mama Almasi alisema alichokiona. Alisema kuhusu nyufa, kuhusu kijivu, kuhusu upande wa juu kuwa mzima na wa chini kuwa mbovu. Alisema kwa sauti ile anayotumia kusoma namba. Meneja alisikiliza akiizungusha chai yake asiyoweza tena kuinywa, kisha akauliza swali ambalo Mama Almasi alikuwa ameomba usiku kucha lisiulizwe. Meneja hakuwa mjinga, alikuwa mtu mwenye mambo mengi tu.

"Mjumbe alining'inia wapi?"

Mama Almasi aliyaelekeza macho kwenye gamba lililoelea.

"Mwiteni Mpishi," Meneja akasema.

Mpishi alikuja na aproni ya mpira inayochuruzika, akasimama mlangoni kwa sababu ndani kulikuwa na vigae.

"Huyu ulimtundika wapi?"

"Katikati, bosi. Penye joto."

"Na fimbo zinafika wapi?"

"Mpaka chini."

"Chini kukoje?"

"Baridi. Hita ya chini imekufa."

Meneja alifumba macho. Ilionekana kuna karatasi fulani inampita kichwani, na kwamba chini ya karatasi hiyo kuna saini, na saini anaitambua.

"Unajua mjumbe hutundikwa pale fimbo zinapopata shida zaidi?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mpishi alitazama buti zake. Kuna maneno ambayo mwanamume huweza kuyasema koridoni mbele ya maziwa yaliyoungua, lakini si mbele ya mwenye makatapila. Maji ya aproni yalidondoka kizingitini.

"Kwa ajili yangu," Mama Almasi akasema.

Wote wakageuka.

"Ili nipate namba nzuri. Nisitukanwe. Sikumtuma. Lakini namba zilifanana tangu mvua zilipoanza mpaka leo, na namba za kweli hazifanani hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kushangaa. Sikushangaa. Nilikuwa napumzika."

Mwenye makatapila alianza kucheka, kicheko kikamfia njiani. "Nimeona mashine zikifa kwa mchanga," akasema taratibu, "na kwa maji, na kwa dereva mlevi. Hii ni mpya. Katapila langu limelala barabarani kwa sababu fundi anampenda mkewe." Akamshika mjumbe, akamgeuza kwenye mwanga. "Mjumbe aliyelazwa hotelini atawezaje kueleza njaa ya kijiji?"

"Mtu wako ni huyo mlangoni," Meneja akasema. "Kuanzia leo hayupo kwenye tangi."

"Na hita?"

"Hita..." Meneja aliiambia meza. "Hita ni yangu. Itanunuliwa."

Mwenye makatapila alitazama aproni, akamtazama mwanamke, akatazama chai. Alikuwa amekuja kuchukua kichwa cha mtu, na sasa kichwa kilikuwa mbele yake, kimeinama, nywele zake zimeshika rangi ya mvuke. "Hayupo kwenye tangi," akarudia, kama anayeonja. "Sawa. Sitaki kujua mengine."

Ndivyo ilivyokwisha. Mpishi hakufukuzwa, alipelekwa kwenye benchi la msasa, kule fimbo zinakosuguliwa kabla ya kupakwa, kazi ya vibarua na mshahara wa vibarua. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Alipotoka nje wenzake walijifanya wana shughuli nyingi, isipokuwa mmoja aliyesema, "Mpishi, sasa utaitwa nani?" Akajibu, "Mnionaje nikiitwa Msugua? Nitaanza na sufuria za mama." Wakacheka kidogo, ili kumshukuru.

Mama Almasi alibaki, kwa amri mpya: mjumbe atamtundika yeye mwenyewe. Mchana ule alipanda ngazi ya tangi kwa mara ya kwanza, amefunga leso puani. Mvuke ulimkwaruza koo hata hivyo. Alisimama pale mume wake aliposimama miaka yote, akaona kikulabu kidogo mbele ya bamba, kizuri, kimepindwa kwa uangalifu kwa mkono anaoujua. Akakipita. Akamshusha mjumbe mpaka kwenye pembe ya chini, kwenye giza na baridi, akafunga waya.

Namba iliyotoka ilikuwa mbaya. Aliiandika, akaipeleka mwenyewe mpaka mezani kwa Meneja, akasubiri apigiwe kelele. Meneja aliisoma, akasema, "Asante, mama," akainua simu kuulizia hita. Kwenye ngazi Mama Almasi aligundua kwamba amebana pumzi tangu mlangoni.

Chumba cha pili walikirudisha kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mama mkwe alitaka kwenda kwa binti yake, shuka ikafungwa tena, na safari hii Mama Almasi akaifungua mwenyewe, kwa meno, maana fundo lilikuwa limekazwa kweli. Walipitisha pazia katikati ya chumba. Mama alilala kitandani upande wa dirisha, wao chini upande wa mlango, na usiku walijifunza kukohoa kwa zamu. Kabati la vyombo halikuwa na pa kukaa, likauzwa. Vikombe vya maua vikaachwa juu ya ndoo pamoja na kile chenye pengo, na kila mtu akawa anachukua kilicho karibu.

Mpishi alirudi jioni ana vumbi la chuma kwenye nyusi. Kazi ya msasa haikuwa na mvuke. Ilikuwa na kelele na maumivu ya mgongo. Viganja vilianza kupona vile vidonda vya mviringo na kuota sugu mahali pengine. Waliongea kidogo. Si kwamba walikosana. Walikuwa wamechoka, na chumba kilikuwa na masikio mawili zaidi ya kilivyohitaji.

Jioni moja Mpishi alikuwa amejilaza kwenye godoro, mkono juu ya macho. Mama mkwe alikuwa akishona tundu la pazia. Mama Almasi alikuwa akikunja nguo, na jiko lilikuwa nje ya mlango kwa sababu halikuwa na pa kuwa.

Mpishi aliinua kichwa. "Kuna kitu kinaungua," akasema.

Sindano ya mama mkwe ilisimama hewani. Kutoka pale alipolala jiko halikuonekana. Mlango ulikuwa umerudishwa, pengo lake halizidi kidole.

"Nini?" Mama Almasi akauliza. Aliuliza polepole sana, kama mtu aliye mbele ya kasha la kioo.

Mpishi alikunja pua, akageuza uso huku na huku. "Maziwa. Si ni maziwa?"

"Maziwa yenyewe," mama mkwe akasema. "Mkwe, yataisha, kayaondoe."

Mama Almasi alikuwa ameshasimama, na kitambaa cha kushikia sufuria mkononi. Hakuondoka. Hayo ndiyo maziwa yote waliyokuwa nayo mpaka kesho, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

"Yananukaje?" akauliza.

"Vibaya," Mpishi akasema, akavuta tena. "Vibaya sana."